HABARI NI NYINGI, KICHWA NI KIMOJA

Ndugu mufanyakazi, mama wa nyumba, na ninyi vijana munaosoma gazeti la baba,

Kwenye ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia, bote, baruti, vumbi na maji safi ya kunywa. Leo tunasema juu ya hatari isiyo na harufu wala uzito, na unaibeba wewe mwenyewe mufukoni. Hatari hiyo ni wingi wa habari.

Zamani habari zilifika kwako kwa njia chache: sauti ya kapita, siren ya kazini, ubao wa matangazo, redio jioni, na barua ya ndugu iliyotembea majuma mawili. Ulilalamika kwamba habari ni haba. Leo ni kinyume. Telefone inalia kwa musiba wa Likasi, kwa harusi ya Kolwezi, kwa mupira, kwa siasa, kwa dawa ya ajabu inayoponya kila ugonjwa. Kuna kikundi cha jamaa, cha kanisa, cha wazazi wa shule, cha likelemba. Kazini nako kuna redio ya mukononi, taa za rangi kwenye mutambo, kioo cha kompyuta, mulio wa kamyo inayorudi nyuma, na karatasi za maagizo zilizojaa ukutani.

Tuelewane vizuri. Habari si adui. Telefone imeita ambulansi usiku, imetuma pesa kwa muzazi kijijini, imeonya watu juu ya njia iliyokatwa na mvua. Adui ni wingi usio na mupango. Palipo na kelele mia moja, lile neno moja la kuokoa maisha linapita bila kusikiwa.

KICHWA CHAKO KINABEBA KIASI GANI?

Hakuna dereva anayepakia tani mia mbili kwenye kamyo ya tani mia moja, akasema: «Itajikaza.» Anajua kwamba breki zitashindwa kwenye muteremko. Basi kichwa cha mutu nacho kina kipimo chake.

Mwaka 1956 mutaalamu wa elimu ya akili, George Miller wa Marekani, aliandika kwamba mutu anaweza kushika akilini kwa mara moja vitu karibu saba tu. Wachunguzi waliokuja nyuma yake walipunguza hesabu hiyo hadi karibu vinne. Ukiongeza kimoja, kingine kinaanguka. Haujui hata ni kipi kilichoanguka.

Macho nayo yanadanganya. Mwaka 1999, Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu filamu ya vijana wanaorushiana mupira, wakawaomba wahesabu mara ngapi mupira unapita. Katikati ya muchezo, mutu aliyevaa kama gorila alipita polepole mbele ya wote. Karibu nusu ya watazamaji hawakumuona. Gorila muzima! Macho yao yalikuwa wazi na hayakuwa na ugonjwa. Lakini akili ilikuwa inahesabu mupira.

Fikiri sasa: kama mutu anaweza kukosa kuona gorila, je, ataona ufa mudogo kwenye ukuta wa shimo? Ataona mwenzake aliyeinama nyuma ya mashine, huku yeye anafikiri juu ya mesaji aliyosoma sasa hivi?

Jambo la tatu. Mwaka 2014, wachunguzi wa Michigan, Marekani, waliwapa watu kazi yenye hatua zinazofuatana, kisha wakawa wanawakatiza. Kukatizwa kwa muda wa karibu sekunde tatu tu kulifanya makosa ya kuruka hatua yawe mara mbili. Sekunde tatu ni muda wa kutupia telefone jicho moja na kuirudisha mufukoni. Wewe unayezima umeme, unayetia kufuli, unayetundika kibao cha hatari na kupima waya kabla ya kuugusa: kazi yako ni kazi ya hatua. Ukiruka moja, hakuna mwalimu wa kukupa alama mbaya. Kuna umeme.

MILIO 275 KWA DAKIKA 11

Labda utasema: «Hayo ni ya telefone za vijana. Kwetu kwenye mitambo, kila mulio ni wa lazima.» Basi tutoke Congo kidogo, twende tukaone yaliyotokea mahali ambapo milio ilizidi.

Tarehe 24 mwezi wa 7, 1994, siku ya Mungu, katika kiwanda cha kusafisha mafuta huko Milford Haven, Uingereza, radi ilipiga na kuvuruga kazi. Vali moja ilifungika. Lakini kioo kilionyesha kwamba iko wazi. Mafuta yakaendelea kuingia kwenye chombo bila njia ya kutoka. Wafanyakazi walihangaika saa tano. Katika dakika 11 za mwisho, watu wawili waliokuwa mbele ya vioo walipokea milio ya hatari 275. Hesabu mwenyewe: mulio mumoja kila sekunde mbili au tatu. Kila mumoja uliomba usomwe, uthibitishwe, utendewe. Kati ya hiyo, michache ndiyo iliyokuwa na maana kubwa, nayo ilizama kati ya mingine. Karibu tani 20 za mafuta na gesi zilitoka, zikalipuka. Watu 26 waliumia. Ilikuwa bahati kwamba siku ya Mungu watu kiwandani ni wachache.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 28 mwezi wa 3, 1979, kwenye kiwanda cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, milio zaidi ya mia moja ilianza kulia na kuwaka karibu kwa wakati mumoja.  Katika zile taa zote wafanyakazi hawakuweza kutambua kwamba vali moja imebaki wazi na maji ya kupoza yanatoka. Sehemu kubwa ya moyo wa mutambo ikayeyuka.

Sikia vizuri: katika ajali hizo mbili haikukosekana alama ya hatari. Alama zilikuwa nyingi kuliko akili ya mutu. Ndiyo sababu mwaka 1999 wataalamu wa Uingereza walitoa mwongozo: kwa siku ya kawaida, mutu anayelinda mutambo asipate zaidi ya mulio mumoja kwa dakika kumi. Unaolia bila sababu urekebishwe. Usiomuomba mutu afanye kitu si mulio wa hatari, ni makelele.

SEKUNDE 22

Kiwandani makelele yanatoka kwenye mutambo. Dereva yeye anayaleta mwenyewe mufukoni. Tarehe 12 mwezi wa 9, 2008, huko Chatsworth, katika jimbo la California, Marekani, treni ya abiria ilipita taa nyekundu na kugongana uso kwa uso na treni ya mizigo. Watu 25 walikufa na zaidi ya mia moja waliumia. Wakaguzi walipochunguza, walikuta kwamba dereva alikuwa anaandikiana mesaji kwa telefone akiwa kazini. Ya mwisho aliituma sekunde 22 kabla ya kugonga. Taa ilikuwa nyekundu. Taa haikukosa. Jicho ndilo lililokosekana.

Tufanye hesabu ya kwetu. Kamyo inayokwenda kilomita 40 kwa saa inapita metre 11 kila sekunde. Dereva akiangalia telefone sekunde tano, kamyo imekwenda metre 55 bila dereva. Shirika la Afya la Dunia linasema kwamba dereva anayetumia telefone anakaribia ajali mara nne zaidi kuliko asiyeitumia. Na usijidanganye kwamba kuongea bila kushika telefone kunaondoa hatari. Mikono iko huru, kweli, lakini akili imekwenda nyumbani.

Wazee walisema: mushika mbili, moja humuponyoka. Walisema hivyo kabla ya telefone. Kwenye usukani, ile inayoponyoka ni maisha ya mutu.

KAZINI, FANYA HIVI

1. Acha telefone yako kwenye kabati ya nguo kabla ya kuingia kazini. Kama kazi inakuomba uwe nayo, iwe ya kazi tu, na uitumie ukiwa umesimama mahali pa salama.

2. Usikaribie mahali pa baruti na telefone, hata kama haipigi. Mawimbi ya telefone na ya redio yanaweza kuwasha fataki za umeme. Mustari uliowekwa na watu wa sekirite haukuwekwa kwa kukuonea.

3. Kwenye redio ya kazi sema maneno machache: wewe ni nani, uko wapi, unataka nini. Anayepokea arudie maneno hayo. Hadithi za mupira zingoje saa ya chakula.

4. Ukikatizwa katikati ya kazi ya hatua, usiendelee pale unapofikiri uliachia. Rudi mwanzo, hakikisha hatua moja moja. Ni dakika tano. Hakuna mutu aliyezikwa kwa sababu ya dakika tano hizo.

5. Mulio unaolia ovyo usiuzibe na kitambaa, usiukate waya, wala usiuzoee. Uandike, umwambie kapita, na kesho yake uliza umefikia wapi. Mulio wa uongo ni kama mwizi wa usiku. Unaiba imani yako, na siku wa kweli unapolia haugeuki.

6. Ninyi wakubwa wa kazi, ukurasa huu unawatazama ninyi pia. Ubao wenye karatasi thelathini haufundishi mutu. Toeni za zamani, acheni tatu zenye maana ya juma hili. Katika mukutano mufupi wa asubuhi, hatari moja iliyoelezwa vizuri inashinda hatari kumi zilizosomwa haraka. Na musimupigie dereva telefone akiwa njiani, kisha mukamwazibu kwa kupokea.

«NA KAMA MUTOTO ANAUGUA?»

Hapo ndipo wengi wanaposhindwa kuacha telefone, na sababu yao si ya upuuzi. Baba yuko chini ya shimo, mutoto ana homa nyumbani. Moyo hautulii.

Dawa yake ni mupango wa jamaa. Kila mufanyakazi aulize kwa kapita au kwa walinzi wa mulango: ni namba gani ya kazi ambayo jamaa yangu wanaweza kupiga wakati wa shida, muchana na usiku? Iandike kwenye karatasi kubwa, ibandike ukutani nyumbani, na mutoto mukubwa aijue. Kisha wewe na mama mukubaliane ni mambo gani yanapitia namba hiyo: ugonjwa mukali, ajali, moto, kifo. Bei ya unga, maneno ya jirani na pesa ya likelemba yanangoja urudi.

Ukifanya hivyo, unashuka shimoni ukijua kwamba jambo kubwa litakufikia, na kwamba ukimya maana yake ni amani. Kama pahali pako pa kazi hakuna namba ya namna hiyo, mwambie delege wa wafanyakazi ailete kwenye mukutano.

USINGIZI UNAIBIWA KITANDANI

Mutu muzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi kila siku. Wewe wa zamu ya usiku unalala muchana, wakati muji wote unaongea. Telefone ikiwa chini ya muto, kila mesaji ni mukono unaokutikisa. Hata usipoamuka kabisa, usingizi umevunjika. Na ukifungua kioo, mwanga wake unaambia ubongo kwamba bado si saa ya kulala.

Wachunguzi wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mutu aliyekaa macho saa 17 anatenda kama mutu mwenye nusu gramu ya pombe katika lita ya damu. Chukua mufano: umeamuka saa kumi na moja asubuhi, ukashinda na telefone bila kulala, ukaingia kazi saa ine ya usiku. Saa 17 zimekwisha kabla haujapakia hata jiwe moja. Haukunywa hata chupa moja, lakini umefika kazini kama mulevi.

Mama, hapa musaada wako ni mukubwa kuliko wa munganga. Baba akilala baada ya zamu, telefone yake ilale chumba kingine, mikononi mwako. Pokea wewe. Ukiona jambo linaweza kungoja saa kumi za jioni, lingoje. Na wewe baba, usiku wa kulala fanya vivyo hivyo kwa ajili ya mama, kwani naye ana kazi kesho.

HABARI ZA UGONJWA: SOMO LA BENI NA BUTEMBO

Wingi wa habari unadhuru na afya ya nyumba nzima. Wacongomani hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushuhuda.

Tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, Ebola ilitangazwa Nord-Kivu. Ikaenea hadi Ituri, na haikutangazwa kwisha upande huo hadi tarehe 25 mwezi wa 6, 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Chanjo ilikuwepo, na watu zaidi ya 300,000 waliipokea. Lakini uvumi ulitembea haraka kuliko chanjo. Ulisema kwamba ugonjwa huo haupo, au kwamba umeletwa kwa ajili ya pesa na siasa. Uchunguzi uliofanywa Beni na Butembo mwezi wa 9, 2018, ulikuta kwamba mutu mumoja kwa kila wane hakuamini kwamba Ebola iko kweli. Na walioamini uvumi ndio waliokuwa wazito zaidi kukubali chanjo na kwenda kwa wanganga.

Watu hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wameona vita na uongo wa miaka mingi, na walisikia sauti ishirini kwa siku moja, kila moja ikisema tofauti. Mutu akisikia sauti ishirini, mara nyingi anachagua ile inayofanana na woga wake.

Kwa hiyo, mesaji ya dawa au ya ugonjwa ikikufikia, kabla ya kuifuata au kuituma, iulize maswali matatu:

Nani amesema? «Daktari mukubwa wa Ulaya» bila jina si mutu. «Ndugu wa rafiki yangu» si hopitali.

Lini? Picha ya miaka kumi iliyopita inaweza kuvaa nguo ya leo.

Nani hapa kwetu anaweza kunithibitishia? Munganga wa hopitali, muuguzi wa dispensari, watu wa sekirite. Uliza mutu mwenye jina na mulango.

Kuna pia alama ya kusaidia. Kwenye WhatsApp, mesaji iliyotumwa na kutumwa tena mara nyingi inaonyesha mishale miwili juu yake. Mishale hiyo haisemi kwamba ni uongo. Inasema kwamba aliyekutumia si yeye aliyeiandika, na labda hata hamujui aliyeiandika. Hapo simama. Kama huna hakika, iishie kwako. Mega zako zitumie kwa jambo la maana.

PICHA YA AJALI SI YA KUTUMA

Neno hili ni zito. Ajali ikitokea, kuna wanaotoa telefone kabla ya kutoa mukono. Picha inatoka shimoni, inafika kwenye kikundi, na kabla ya saa moja muke wa mutu anaona bote za mume wake kwenye kioo, akiwa peke yake sokoni, bila mutu wa kumushika. Na mara nyingine jina linalotumwa si lenyewe. Nyumba ya mutu muzima inaanza kulia, na nyumba ya aliyeumia haijui kitu.

Ukiwa pahali pa ajali, kazi yako ni tatu: zuia hatari nyingine, ita musaada, toa nafasi kwa waokoaji. Habari ya musiba ipelekwe nyumbani na watu waliotumwa, wenye adabu, wenye kuketi na jamaa. Picha iliyokufikia, ifute. Hiyo ni heshima kwa mwenzako, na siku moja utaitaka kwa ajili yako.

ANZA JUMA HILI

Usingoje sheria mpya. Jioni ya leo keti na mama na watoto. Fungueni telefone, hesabuni vikundi. Vile visivyo na faida, tokeni. Vile vya heshima ambavyo hamuwezi kutoka, vizimeni sauti. Hakuna atakayekasirika, kwa sababu hakuna atakayejua. Acheni sauti kwa namba chache tu: jamaa wa karibu, kazi, hopitali. Bandikeni ile namba ya shida ukutani. Chagueni pahali telefone zitalala usiku.

Na kesho kazini, sikiliza milio ya pahali pako. Jiulize juu ya kila mumoja: unaniomba nifanye nini? Ule usiojua jibu lake, mupelekee kapita wako.

Taa ya kofia haiangazi shimo lote. Inaangaza pale unapoielekeza. Akili yako ni vivyo hivyo. Ielekeze kwenye kazi iliyo mbele yako, na jioni utapiga hodi nyumbani kwa mukono wako mwenyewe.

SIKIA KIDOGO, SIKIA VIZURI, RUDI NYUMBANI MUZIMA.